Puto la Mara halikuruka, na si upepo ninaoulalamikia

Niseme mapema ili mtu asije kunijibu habari za usalama: upepo sina ugomvi nao. Nilishapanda puto la hewa moto Göreme, Uturuki, na najua halina usukani. Rubani hupandisha na kushusha tu, akitafuta tabaka la hewa linaloelekea anakotaka. Upepo ukikataa, umekataa. Ninayemwandikia hapa ni kijana mmoja aliyeshika redio ya mkononi, na kampuni iliyompa hiyo redio.

Safari tuliinunua kwa pamoja, mimi na mama yangu: Maasai Mara kwanza, halafu Serengeti, kwa ndege ndogo, na puto kila upande. Mama ana miaka 72. Tangu nimwonyeshe picha za Uturuki hakuwa na hadithi nyingine. Wiki kadhaa alifanya mazoezi ya mkao wa kutua, mkekani: magoti yamekunjwa, mgongo umeelekea puto linakokwenda, mikono imeshika kamba. Kamba yenyewe ilikuwa mtandio aliofunga kwenye mguu wa meza.

Kuhusu ndege, sifa tupu. Begi laini la kilo 15, unakaa nyuma ya rubani hata unaiona mikono yake, na pale Mara alipita kwanza chini chini juu ya kiwanja ili pundamilia watoke, ndipo akazunguka na kutua. Mama alipiga makofi.

Asubuhi ya puto tuliamshwa saa tisa na nusu usiku. Tulipofika, puto lilikuwa limetandazwa kwenye nyasi, kikapu kimelazwa ubavu, feni haijawashwa. Rubani akaachia kiputo kidogo chenye taa kupima upepo, akakifuata kwa macho mpaka kikapotea. Akaachia cha pili. Hapo nikajua mambo si mazuri, kwa kuwa mapambazuko ndiyo saa ya utulivu. Jua likishaanza kupasha ardhi, hewa huchafuka, na huwezi tena kusema ngoja kidogo.

Kijana wa redio alituambia "subirini" mara tatu bila kugeuka. Gari lilikuwa limeondoka, kwa hiyo mama alikuwa amesimama kwenye umande. Akamsogelea, akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, leo tutaruka?"

Hakumwamkia. Akasema, "Bibi, kwa umri huo ungeombea tusiruke." Wenzake wawili wakacheka.

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko ninavyotaka. Fomu tuliijaza miezi kabla ya safari: umri, uzito, magoti, dawa, kila kitu. Waliipokea, wakachukua hela, wakatuma ratiba. Kama umri ulikuwa tatizo, pa kusema ni pale, kwa heshima, si gizani mbele ya wageni kumi na kitu. Na umri haukuwa tatizo! Rubani mwenyewe, alipokuja kutueleza kwamba imeshindikana, alimshika mama mikono miwili na kumwomba radhi. Huyo nampa nyota zote tano. Alikataa kuruka wakati watu wote wanamkodolea macho, na alikuwa sahihi.

Sasa la pili, na hili ni la ofisi. Asubuhi ya puto Mara ilikuwa moja tu, hakuna ya akiba. Göreme nilipewa asubuhi tatu. Mbili za kwanza bendera nyekundu, mamlaka ya anga imekataza, kila mtu arudi kulala. Ya tatu tukaruka. Huwezi kumuuzia mtu puto halafu ukamfungia ratiba ya ndege ndogo saa nne ya asubuhi ileile. Ndege haimsubiri mtu, na upepo haujui ratiba.

Tukaondoka hivyo. Ndege hadi Migori, gari hadi Isebania, muhuri, tukavuka kwa miguu hadi Sirari, muhuri tena, gari hadi Tarime, ndege nyingine hadi Seronera. Mama hakusema kitu njia nzima. Usiku akaniuliza kama magoti yake kweli yataweza.

Yaliweza. Serengeti walioturusha walikuwa watu wengine kabisa. Unaingia kikapuni umelala chali, vichomeo vinanguruma juu yako, kikapu kinainuka nawe unainuka nacho, na nyasi zinaanza kushuka chini. Kilichonishangaza tena ni kwamba upepo huusikii, hata mtandio wa mama haukupepea, maana mnakwenda pamoja nao. Chini viboko walikuwa wanarudi mtoni. Wakati wa kutua kikapu kiligonga, kikaruka, kikagonga tena, kikaburutwa, kikalala. Binti wa timu ya chini akainama: "Shikamoo mama. Umekaa vizuri kuliko hao vijana." Mama alilia, nami nikalia.

Jioni ile nilikuwa tayari kufuta haya yote na kuandika nendeni, nendeni hata kama mtakosa mara moja. Na kweli, nendeni. Hata waliotuuzia safari, hela ya puto la Mara waliirudisha yote bila kusumbua, nikafika nyota tatu, karibu nne.

Halafu likaja jibu la malalamiko yangu. Aya nne kuhusu hali ya hewa. Hali ya hewa! Sikuwauliza hali ya hewa. Kuhusu kijana na maneno yake, hakuna hata mstari.

Kwa hiyo nyota moja. Mama anataka turudi Mara, na tutarudi, asubuhi tatu, kwa kampuni nyingine. Siku hawa wakimwandikia yeye, kwa jina lake, nitakuja kubadilisha.