Mto wa sufi wa kukalia chini, baada ya miezi miwili

Mimi nina miaka 53, nashona nguo hapa Tanga tangu usichana wangu, na kiuno kimechoka na kuinamia cherehani. Binti yangu ndiye aliyeniletea habari za yoga. Akanionyesha kwenye simu mkao wa wanaoanza, unaitwa Sukhasana, akasema ni Kisanskriti, yaani mkao wa raha. Nikacheka. Si ndivyo tulivyokaa mkekani chuoni, msahafu juu ya marufaa, asubuhi nzima? Nikakunja miguu nimwonyeshe. Dakika mbili hazijaisha, raha yenyewe siioni: magoti yamesimama juu, mgongo umepinda kama wa kamba wa baharini, mguu wa kulia umekufa ganzi.

Darasani nilikwenda mara moja. Mwalimu, kijana wa maneno matamu, akaniwekea viganja magotini akayasukuma chini. Goti la kushoto likaniuma siku tatu. Sikurudi.

Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba ugomvi hauko gotini, uko nyongani. Nyonga zikikaza, ukikaa sakafuni kiuno kinaangukia nyuma na magoti yanabaki hewani. Inua makalio nchi nne au tano, kiuno kinainamia mbele kidogo, magoti yanashuka yenyewe bila kusukumwa na mtu. Nilianza na mto wa sponji wa kwenye kochi, ukadidimia wote. Nikakunja blanketi. Blanketi linafaa, nisilisingizie, ila kila nikitikisika mikunjo inaachana.

Nikaenda kwa fundi magodoro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nataka mto wa sufi, wa kukalia, si wa kulalia. Ushindilie mpaka kidole kisizame."

"Utakuwa gogo huo, mama."

"Ndilo ninalolitaka."

Nchi 16 kwa 12, kimo nchi 6. Kitambaa nilimpelekea mwenyewe, marudufu, maana sufi ni nyepesi na inateleza, ukiivisha kitambaa chepesi inachomoza nje na kukufuata puani. Alinitoza 18,000.

Sasa kazi yake. Siukalii katikati, naukalia ukingoni, nusu ya makalio tu, na hapo ndipo siri ilipo. Nakunja miguu, miundi inapishana, kila unyayo unakaa chini ya goti la upande wa pili, si kuivuta miguu mpaka igande kwenye kinena. Goti la kushoto bado haligusi mkeka, kwa hiyo nalisokotea kanga chini yake lipate pa kuegemea. Leo mguu wa kulia mbele, kesho wa kushoto. Huo wa kushoto ukiwa mbele najiona kama nimekalia mwili wa mtu mwingine, lakini nabadilisha hivyo hivyo. Nilianza na dakika tatu, sasa nafika kumi na mbili baada ya swala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Ganzi imepungua sana. Kiuno sitasema kimepona, ila nikishuka kwenye kiti jioni sijishiki tena ukutani.

Mto wenyewe umeshuka nchi moja tu katika miezi miwili. Sponji ingekuwa chapati.

Mabaya yapo. Sufi haikuchambuliwa vizuri: wiki ya kwanza kuna kitu kilinichoma pajani, nikabonyeza, mbegu. Nikafumua kidogo nikatoa mbegu kumi na saba, ndogo, nyeusi, ngumu. Halafu haufuliwi. Ukilowa hadi ndani ni balaa kuukausha, basi unaanikwa juani na kupigwapigwa, ukirudi ndani umeumuka. Mwenye mafua ya vumbi atafute kitu kingine. Na mwenye goti lililopasuliwa au linalovimba, huu mkao wala mto wowote visimdanganye, akae kwenye kiti anyooshe mgongo hapo hapo.

La kuniudhi kabisa ni mshono. Fundi alipitisha uzi mara moja tu, tena kwa hatua ndefu ndefu kama anashikiza tu. Wiki ya pili kona ikaachia nikiwa nimefumba macho, nikasikia "traa!" chini yangu. Nimeurudia mwenyewe, mishono miwili, na kona nimezizidishia. Mimi fundi cherehani, nilipie mshono halafu nije kuushona!

Nyota nne. Ya tano iko kwenye ile kona.