Mashine ya kukatia kitambaa kwa karakana ndogo ya vifaa vya michezo: uanze na ipi?

Ukishona mifuko ya mipira, glavu za kipa au kinga za ugoko, unajua kazi inakwama wapi. Mafundi cherehani wamekaa wanasubiri vipande, na mkataji ameinamia meza, nailoni ikimteleza chini ya mkono. Kipande cha juu kinatoka sawa, cha chini kimepungua nusu sentimita, na kasoro hiyo inakuja kugundulika zipu inapokataa kukaa.

Kabla ya kutoa pesa, patani zako za kadibodi ziingizwe kwenye kompyuta. Kisha andika kila malighafi unayokata, na zenye PVC (aina ya plastiki) uzitie alama, maana hizo hazikatwi kwa leza.

Ya kwanza: meza ya kisu inayoongozwa na kompyuta, tabaka moja kwa wakati. Kichwa chenye kisu hutembea juu ya meza yenye matundu, na pampu hufyonza hewa kwa chini ili kitambaa kisisogee. Kisu cha gurudumu hufaa vitambaa vyepesi. Kisu kinachopanda na kushuka kwa kasi hufaa sponji na neopreni (mpira laini unaonyumbulika). Wengi huidharau kwa kuwa inakata tabaka moja tu, na hapo ndipo wanapokosea. Ukipokea oda ya mifuko kumi na miwili leo na minane ya muundo mwingine kesho, muda hauliwi na kukata. Unaliwa na kutandika, kuchora kwa chaki na kurekebisha. Hapa unabadili faili tu. Programu nayo huvibananisha vipande kwenye jora, mabaki yakapungua, na vikato vya alama za kushonea hutoka palepale kila mara. Uliza pampu inahitaji umeme wa fezi moja au tatu, maana mara nyingi ndiyo inayokula umeme kuliko kisu chenyewe.

Ya pili: presi na kalibu za chuma zenye makali. Kwa umbo lisilobadilika, kama kiraka cha kuimarisha kona ya mfuko, sioni inayoishinda: pigo moja, tabaka kadhaa, na fundi huhitaji mafunzo machache. Tatizo ni kwamba kila umbo na kila saizi hudai kalibu yake, kwa hiyo muundo ukibadilika, chuma hicho kinabaki mapambo ya rafu. Usinunue presi inayoshuka kwa kitufe kimoja. Iwe na viwili, mikono yote miwili ikae mbali na makali.

Ya tatu: leza, yaani mwale mkali wa mwanga unaokata kwa joto. Ni nzuri kwa nailoni na poliesta, kwa sababu joto huyeyusha ukingo na nyuzi hazifumuki. Lakini ukingo huo huwa mgumu, na ukigusana na ngozi ya mchezaji unakwaruza. Usitegemee kurundika tabaka pia. Huyeyuka na kugandana. Na PVC usiikate kwa leza hata siku moja: hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayoumiza mapafu na kutafuna vyuma vya mashine yenyewe. Lazima moshi uwe na njia ya kutokea nje, na mtu asiiache mashine ikifanya kazi peke yake, kwani kitambaa huweza kushika moto.

Ya mwisho: mashine ya kukata tabaka nyingi. Ni ya viwanda vikubwa vyenye oda ndefu za muundo uleule. Karakana ndogo itailisha kwa shida.

Kisu cha umeme cha mkono usikiuze. Kitakuokoa siku mashine ikiharibika. Mkataji avae glavu iliyofumwa kwa pete za chuma.

Usiridhike na maonyesho ya muuzaji kwa kitambaa chake. Peleka jora lako, lile linaloteleza kuliko yote. Agiza duara la sentimita 10, lipime kwa urefu na kwa upana, kisha tazama pale kisu kilipoanzia na kilipomalizia. Pakiwa na jino, yaani ncha mbili hazikukutana sawa, uliza kama linarekebishika, na lirekebishwe ukiwa umesimama hapo. Hakikisha pia mashine inapokea faili za DXF (aina ya faili za michoro ya kompyuta) kutoka programu yoyote, na kwamba visu vya akiba vinapatikana kwa zaidi ya muuzaji mmoja.