Uzoefu wangu: Kuunganishiwa mifumo ya duka la asali mtandaoni nikiwa Tabora

Nauza asali na nta ya nyuki Tabora mjini. Kaduka kako Kanyenye, mzigo mwingi unatoka Sikonge. Wateja wa Dar na Mwanza walikuwa wananipata WhatsApp, na WhatsApp inauza kwelikweli. Inachoshindwa ni kutunza hesabu: nani kalipa, nani kaahidi, ndoo ipi ni ya nani. Ndipo nikachukua huduma ya vijana wawili wa hapahapa mjini wanaopanga na kuunganisha mifumo ya biashara za mtandaoni. Jina lao silitaji, maana wana mazuri yao na wana ya kulalamikiwa.

Kilichofanya niwape kazi ni kwamba hawakuanza na rangi za tovuti. Mmoja alikaa dukani akaniuliza, "Mama, mtu wa Mbeya akilipa saa nane usiku, nani anajua? Na asubuhi binti wa dukani atajuaje kwamba chupa ile si ya kuuza tena?" Akachora kwenye daftari safari ya oda moja, tangu mteja anabonyeza hadi anapokea kifurushi stendi. Kila mshale una maswali: taarifa inaenda wapi, nenosiri analo nani, ikikwama anajulishwa nani. Mchoro peke yake walinitoza laki mbili, kabla hawajagusa kompyuta. Niliguna. Leo nikiambiwa nirudishiwe hela nirudishe mchoro, sikubali.

Duka lenyewe wamelijenga kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, na WooCommerce, nyongeza yake inayoigeuza tovuti kuwa duka. Programu hizo ni za bure na unaweza kuhama nazo kwenda seva nyingine (kompyuta inayohifadhi tovuti) ukichoka, ila unalipia jina la tovuti, seva na mtu wa kuitunza. Jina la .co.tz limeandikishwa kwa jina langu na barua pepe yangu, si yao. Hilo nililikazia mwenyewe, maana wapo wafanyabiashara wanaodaiwa hela na mafundi ndipo wapewe tovuti zao wenyewe.

Ukurasa wa kulipia, ukiuacha ulivyokuja, unauliza mstari wa pili wa anwani na postikodi. Wamevifuta, wakabakiza jina, simu, mkoa na stendi ya kupokelea mzigo, kwa sababu asali yangu inasafiri kwa basi. Wakaondoa na senti, bei isomeke 18,000 badala ya 18,000.00. Walitaka pia kuweka tarehe ya kuzaliwa, eti nitume salamu na punguzo. Nikakataa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, kila taarifa ya mteja unayoikusanya ni dhamana juu yako, na mimi nauza asali tu.

Sehemu iliyostahili pesa zaidi ni malipo. Mteja anaweka namba, simu yake inaletewa ombi la kuweka PIN, analipa, kisha kampuni inayopokea malipo inaitumia tovuti taarifa, na oda inatoka kwenye "inasubiri malipo" kwenda kwenye "inashughulikiwa". Taarifa hiyo isipofika, hela ipo na oda imelala. WooCommerce nayo ina mpangilio wa kumshikia bidhaa mteja ambaye hajalipa, kwa kawaida dakika 60. Muda ukipita, oda inafutwa na chupa inarudishwa kwenye hesabu ya stoo. Wakati wa majaribio tulilipa kwa simu ya mume wangu, taarifa ikachelewa, na tovuti ikafuta oda iliyokwisha kulipwa. Wangekuwa mafundi wa kupaka rangi wangesema ni mtandao. Hawa wameandika kijiprogramu ambacho kila baada ya dakika chache kinaiuliza kampuni ya malipo kuhusu oda zinazosubiri, na hakuna oda inayofutwa kabla ya kuulizwa. Kinanyoosha na namba za simu: mtu akiandika 07, inageuzwa kuwa 2557 kabla ya kutumwa. Na zile meseji feki za muamala tunazoletewa kama picha sasa hazina kazi dukani kwangu. Binti haangalii picha ya mtu, anaangalia hali ya oda.

Niliwauliza pia kuhusu siku kama Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikatuyumbisha nchi nzima. Seva yangu iko nje ya nchi. Jibu lao ni la kawaida ila linafaa: lipa namba imebandikwa dukani na kwenye kila chupa, maana pesa za simu kwa menyu ya nyota na reli hazihitaji bando, na kuna daftari la oda za kuingiza baadaye.

Walipoboronga ni kwenye uzito. Kukokotoa nauli ya basi waliweka lita moja ya asali kuwa kilo moja, kama maji. Lita ya asali inakaribia kilo 1.4! Oda za ndoo ya lita 20 zilikuwa zinatoka na nauli pungufu, na pengo nalifidia mimi. Walirekebisha siku nilipowaambia, lakini hela iliyokwenda na mabasi hawakuigusia. Stoo nayo inasumbua kidogo, kwa kuwa ndoo ikimiminwa kwenye chupa lazima mtu abadilishe hesabu kwa mkono. Mauzo ya kaunta binti anayaingiza kwa programu ya WooCommerce kwenye simu, na akiishiwa bando yanalala hadi jioni.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kitabu cha maelekezo walichoniachia kimeandikwa kwa Kiingereza chote, na anayekitumia kila siku ni binti wa dukani. Wameahidi kukiandika upya kwa Kiswahili watakapokuja kuunganisha risiti za TRA. Hiyo kazi ya risiti bado hatujakubaliana bei.