Proxmox VE kwenye kompyuta ya mtumba: itabeba au haibebi?

Habari za saa hizi, karibuni tena. Leo mezani kuna Proxmox VE, mfumo wa kusimamia seva: kompyuta moja unaigawa zinapatikana seva kadhaa, kila moja na kazi yake, na zote unazisimamia kwenye kivinjari kupitia mlango namba 8006. Unatengenezwa Vienna, Austria, ulitoka mara ya kwanza 2008, na kuupakua ni bure. Kila ukiingia utakukumbusha kwamba hujalipia usajili. Bofya sawa, endelea na shughuli zako.

Sasa nyinyi wa huku kwetu Mtwara, hasa wa ofisi za AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, swali lenu ni moja: kaka, kompyuta yetu itaubeba?

Tuanze na prosesa. Iwe ya biti 64, Intel au AMD, na iwe na uwezo wa kuendesha mashine pepe, yaani zile seva kadhaa ndani ya kompyuta moja. Kompyuta za mezani zilizotumika nyingi zinao, tatizo unakuta umezimwa. Tazameni skrini: mfumo umewaka vizuri, nikiwasha mashine pepe inagoma, inasema KVM, sehemu ya mfumo inayoendesha mashine pepe, haipatikani. Usikimbilie kusema prosesa mbovu. Zima, washa upya, kwenye HP gonga F10, kwenye Dell F2, tafuta palipoandikwa Virtualization Technology, weka tiki, hifadhi. Haya, imekubali.

RAM ndiyo yenye maneno. Mahitaji rasmi yanataja gigabaiti 2, na watu wakisoma hapo wanafurahi. Jamani, hizo ni za mwenye nyumba, wapangaji bado hawajaingia! Seva ya mafaili ipe 2, ya mahesabu ipe 4, tayari kompyuta ya 8 imejaa. Na ukipanga diski zako kwa ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda mafaili kwenye diski, ongeza kama gigabaiti 1 kwa kila terabaiti. Mimi chini ya 16 sikushauri. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua RAM, prosesa iache ilivyo. Na hiyo ZFS usiiweke juu ya kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zionekane moja, haviendani.

Mfumo endeshi usihangaike nao, Proxmox unakuja na Debian yake ndani, aina ya Linux. Toleo la 9, lililotoka Agosti 2025, limejengwa juu ya Debian 13. Ila kisakinishi kinachukua diski nzima: Windows na mafaili yenu ya msimu uliopita wa korosho vinafutika vyote. Hamisheni kwanza. Mwenye Debian 13 tayari anaweza kuuweka juu yake. Ubuntu, ambayo nayo ni Linux, hapana.

Sasa umeme. Gesi ya Mnazi Bay iko hapo jirani, lakini umeme ukikatika seva haijui hilo. Tafuta UPS, betri ya akiba ya kompyuta, yenye tundu la USB. Za bei ya chini nyingi hazina, geuza nyuma uangalie kabla ya kulipa. Waya ule ukiingia kwenye seva na programu ya NUT ikawekwa, betri ikikaribia kuisha mashine pepe zinazimwa kwa utaratibu. SSD pia, waliotengeneza mfumo wanashauri zile zenye kinga ya umeme kukatika ghafla. Za kawaida zinafanya kazi, ila kwa ZFS zinachakaa haraka. Na kama ofisi iko Shangani karibu na bahari, upepo ule wa chumvi si rafiki wa feni, weka kompyuta mbali na dirisha.

Kuna anayeuliza kama laptop inafaa. Kwa kujifunza inafaa, na betri yake ni UPS ya bure. Lakini usitegemee Wi-Fi, mtandao wa mashine pepe unataka kebo. Kama laptop yako haina tundu la kebo, nunua adapta ya USB kabla hujaanza kusakinisha.