Street Fighter II nyumbani: Super Nintendo au Mega Drive?

Street Fighter II ni mchezo wa video wa mapigano, na mashine yake ya ukumbini ya 1991 ilikuwa na vitufe sita: ngumi tatu, mateke matatu. Ukilinganisha matoleo ya nyumbani ya 1993, Turbo ya Super Nintendo na Special Champion Edition ya Mega Drive (mashine mbili za michezo za kuunganisha na TV), anzia hapo hapo.

Pedi, yaani kidhibiti cha mkononi, ya Super Nintendo ina vitufe sita tayari, viwili vikiwa mabegani. Pedi ya kwanza ya Mega Drive ina vitatu tu, hivyo unabonyeza Start kuhama kutoka ngumi kwenda mateke, na hapo katikati umeshapigwa! Ipate ile ya vitufe sita, mambo yanageuka: kile kitufe chake cha mviringo cha mwelekeo kinateleza vizuri chini ya kidole gumba unapozungusha robo duara ya Hadoken, lile pigo la kurusha mpira wa nguvu.

Kwa rangi na sauti, Super Nintendo inashinda waziwazi. Kwenye Mega Drive sauti za wapiganaji zinakwaruza. Wapiganaji ni 12 kote. Matunzo hayatofautiani: futa miguu ya chuma ya kaseti ya mchezo kwa spiriti.

Una pedi ya vitufe sita? Mega Drive inatosha kabisa. Huna? Chukua Super Nintendo.