Furu ya makala ya toli nyeusi kwa biskwi na tarti: uzoefu wangu hapa Goma

Kwa biskwi ninaipa furu hii (oveni ya makala, yaani makaa) alama 9 juu ya 10, kwa tarti 7, kwa keki kubwa 4. Ni sanduku la chuma wanaloliunda mafundi wa kuchomelea hapa mjini: ndani upana sentimita 40, kina 35, kimo 30, reli mbili za kuwekea plato, droo ya makala chini, na juu kabisa sinia ya chuma ya kubeba makala mengine. Nililipa dola 45 baada ya kupatana. Haina kitufe cha kupandisha wala kushusha moto. Kitufe chako ni namna unavyogawa makala kati ya juu na chini, na anayeitumia kama mbabula (jiko la makala) yenye mlango atatoa biskwi zilizoungua tumboni na mbichi usoni.

Kabla ya kulipa, kagua chuma. Toli nyeusi, yaani bamba la chuma lisilopakwa zinki, ya milimita 1.5 inafaa. Fundi akijaribu kuunganisha na vipande vya manjanja (mabati) ya paa kwa kuwa ni rahisi, kataa: manjanja yamepakwa zinki, na zinki ikikutana na moto wa makala hutoa moshi wenye sumu. Halafu washa tochi ya simu, iweke ndani, funga mlango mahali penye giza na uone mwanga unapenya wapi. Yangu ilivuja upande wa bawaba, nafasi ya milimita 3 hivi, nikaziba kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu. Kagua pia kona za juu, chini ya ile sinia. Tundu dogo kama la sindano linatosha kunyeshea tarti majivu. Furu mpya iwashwe mara mbili ikiwa tupu, saa nzima kila mara, mpaka harufu ya mafuta na rangi iishe.

Fundi hakunipa kitu kimoja ambacho Goma kimejaa kila mahali: kokoto za volkeno. Nilimwaga tabaka la sentimita 2 kwenye sakafu ya furu. Linapokea joto la droo na kulisambaza polepole, badala ya plato kupigwa na moto katikati tu. Ila zianikwe juani siku kadhaa kwanza, kisha zipashwe taratibu. Jiwe hilo lina vitundu vingi, vikiwa na maji na moto ukaja ghafla linaweza kupasuka.

Sasa moto. Kwa digrii 180 ninatumia kilo 1 ya makala, nayo inashikilia joto kama dakika 45. Yote huwaka kwanza kwenye mbabula mpaka yafunikwe na majivu meupe, maana kaa jeusi likiingia kwenye droo, biskwi zitanuka moshi. Kwa biskwi, gramu 350 chini na 650 juu. Subiri dakika 15. Kama huna kipimajoto, tandaza kijiko cha unga kwenye plato: ukigeuka rangi ya dhahabu kwa dakika 5, moto uko sawa, ukiwa kahawia iliyoiva sana, punguza makala ya juu, ukibaki mweupe, ongeza.

Biskwi zangu za kawaida ni unga wa ngano gramu 250, siagi 125, sukari 100, yai 1 na chumvi kidogo. Sukari ya chenga kubwa itwange kwenye kinu, la sivyo haiyeyuki yote na biskwi zinatoka na madoadoa. Unga ukishashikana, upumzike dakika 30 mahali pa baridi, kisha usukume unene wa milimita 5. Dakika 12 hadi 14 zinatosha, lakini ya 7 ugeuze plato, kwa sababu nyuma ya furu kuna joto kuliko mlangoni. Toa kingo zikiwa za dhahabu na katikati bado laini. Zitakauka zenyewe zikipoa. Ukisubiri zikauke ndani ya furu, utatafuna tofali. Wanaolalamika kwamba biskwi zao zinatambaa na kushikana, mara nyingi wametumia margarini laini ya kupaka, ambayo ina maji mengi kuliko siagi. Na usiweke plato mbili kwa pamoja hata kama reli ni mbili: ya juu inaizuia ya chini isipate moto wa sinia.

Mapishi ya vitabu vya Ulaya yanahitaji kurekebishwa hapa. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, gesi ya hamira ya keki (baking powder) inavimba kuliko kawaida halafu kitu kinabonyea katikati. Wakiandika vijiko vidogo 2, mimi naweka 1 na nusu. Maji nayo yanachemka kwenye digrii 95 hivi na unyevu unatoka haraka, kwa hiyo ninaongeza kijiko kimoja cha maziwa.

Tarti inataka makala yageuzwe: gramu 600 chini, 400 juu, ili sakafu ya tarti iive kabla matunda hayajailowesha. Unga 250, siagi baridi 125, chumvi nusu kijiko kidogo, maji baridi vijiko 4 vya chakula. Sugua siagi kwa ncha za vidole na uache ikiwa bado vipande kama punje za mahindi. Ukiikanda kama mkate itakuwa ngumu na itajikunja kingo zinapoiva. Tandika kwenye sahani ya tarti, toboa kwa uma, weka karatasi na maharagi makavu juu, dakika 15. Ondoa maharagi, dakika 5 tena.

Nanasi lazima lipikwe kwanza. Likiwa bichi lina kimeng'enya kinachovunja jelatini na kuharibu krimu ya maziwa na mayai, na maji yake yanaugeuza ukoko kuwa uji. Gramu 600 za nyama ya nanasi na sukari 80, dakika 12 motoni, chuja, kisha rudisha juisi ikafungwe na mayizena (wanga wa mahindi) kijiko kimoja na nusu cha chakula. Usibadilishe mayizena kwa unga wa muhogo wa fufu: ule umelowekwa ukachacha, na harufu itakaa kwenye tarti. Maprini, yaani nyanya za mti, yale mekundu yenye umbo la yai, ganda lake ni chungu. Yamwagie maji yanayochemka, dakika 2, utalimenya kwa vidole. Marakuja yaongezwe mwishoni kabisa, moto mrefu unaua harufu yake.

Keki ya zaidi ya dakika 40 ndiyo inayoishusha alama furu hii. Makala yanachoka njiani, ukifungua droo kuongeza mengine joto linayumba, na keki inakaa chini.

Itumike nje, au chini ya paa lisilo na kuta. Hapa kila mtu anajua mazuku, ile hewa nzito ya kuua inayotoka ardhini na kulala mabondeni, na wengine wanadhani furu ikiinuliwa juu ya meza hatari imekwisha. Hewa ya makala ni nyingine: ni monoksidi ya kaboni, haina harufu, hailali chini, inachanganyika na hewa yote ya chumba. Kukaa juu hakusaidii.

Baada ya miezi 8 ya kupika mara tatu kwa wiki, mwili wa furu bado mzima. Droo ya chini ndiyo imeanza kupinda na kugoma kutoka. Ningeagiza tena, ningeomba droo peke yake iwe ya milimita 3, na mshikio wa mbao.