Fundi wa printa Darajani, huyu kijana anajua kazi

Nina kijiduka cha fotokopi, kompyuta yangu inatumia Ubuntu (mfumo kama Windows, ila wa Linux), printa iko kwenye waifai. Juzi umeme ukakatika usiku, asubuhi nikituma kazi haitoki kitu, na watoto wa skuli washanisimamia mlangoni wanataka fomu zao. Fundi wa kwanza kanambia ninunue printa mpya, makubwa haya!

Nkamfata kijana mmoja mwenye kibanda karibu na soko la Darajani, kaja mwenyewe kwa miguu. Hakugusa hata waya, kaichapisha karatasi ya mipangilio kwenye printa yenyewe akanionesha, IP, yaani anwani ya printa kwenye mtandao, inaishia 23 na kompyuta bado inaitafuta 14, kumbe ruta, kile kidude cha waifai, ilipowaka upya imeipa printa namba nyengine. Akafungua brauza, localhost:631, ndo ukurasa wa CUPS, programu ya kompyuta inayosimamia uchapishaji, kabadilisha anwani, halafu kwenye terminal, lile dirisha la kuandikia amri, kaandika cupsenable na jina la printa maana foleni ya kazi za kuchapisha ilikuwa imejisimamisha, ebo, karatasi zikaanza kumwagika mpaka zile nlizobonyeza mara sita sita kwa hasira. Mwisho kaifungia printa namba ya kudumu kwenye ruta.

Kanitoza elfu kumi na tano tu. Kasoro yake simu hapokei, umfate mwenyewe, na ikishaadhiniwa laasiri humkuti.